Heko kwa Wapima Mitishamba wa Muhimbili

Tangu 1974, watafiti wa tiba asili pale Muhimbili, Dar es Salaam, wamekuwa wakipeleka maabara mimea ya porini ambayo waganga wameitumia vizazi na vizazi. Kazi yenyewe inataka subira. Mizizi hukaushwa kivulini, husagwa, hulowekwa kwenye ethanoli na kuchujwa. Kimiminika hukaushwa hadi ubaki ute mzito.

Kisha huja uduvi wa kuupima ute huo. Viumbe hawa wa maji chumvi, wadogo kama nukta, huwekwa 10 katika kila kichupa chenye dawa. Baada ya saa 24, mtafiti huinama na lenzi kuhesabu waliokufa. Wakifa wengi kwa dozi ndogo, mmea una nguvu: pengine dawa, pengine sumu.

Anayerudia hesabu hiyo hata kwa mmea unaosifiwa mtaa mzima anastahili heshima kubwa.