Pongezi kwa Wahifadhi Chakula wa Mollo

Mvua za Ufipa zikishakatika mwezi wa nne au wa tano, kaya ya Mollo hula ilichojiwekea hadi mvua nyingine. Wanaoifanya kazi hiyo ya kuhifadhi, wengi wao akina mama, wanastahili sifa zaidi ya wanazopewa. Majani ya maboga huchemshwa kidogo, hukamuliwa, kisha huanikwa kivulini, maana jua kali huharibu vitamini. Mahindi huanikwa hadi unyevu ushuke karibu asilimia 13: punje ikiumwa sharti ilie, la sivyo ukungu utaingia kihengeni.

Wapo wasemao haya yamepitwa na wakati, kwani Sumbawanga kuna maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Lakini Wakala hununua nafaka, si mboga. Hoja ya dumuzi, mdudu mharibifu wa mahindi ghalani, ndiyo nzito: tangu aonekane Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, vihenge vya zamani vimeelemewa. Hata hivyo ulezi, ambao wadudu wa ghalani hawauwezi sana, hudumu miaka, na kwa mahindi ipo mifuko isiyopitisha hewa. Basi mkulima, usiuze gunia la mwisho Julai, bei ikiwa chini.