Daftari la Hammarskjöld na Langu

Dag Hammarskjöld, Mswidi aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa tangu 1953, alikufa Septemba 1961 ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Nyumbani kwake New York yalikutwa maandishi aliyoyaandika faraghani, yakachapishwa kwa Kiswidi mwaka 1963. Kwa Kiingereza kitabu hicho huitwa Markings.

Nilikisoma nikitazamia habari za Kongo na za wakubwa wa dunia. Hazimo. Yumo mtu mmoja tu anayejihoji mbele za Mungu juu ya kiburi chake, upweke wake na kifo. Wapo waliomlaumu kwa hilo. Nami naiona kasoro hiyo: jirani haonekani sana, na msomaji huchoka na mtu anayejitazama mno.

Hata hivyo kilinirudisha kwenye daftari langu, ninaloliandika kila usiku baada ya sala. Nikasoma kurasa za mwezi mzima. Karibu zote zilikuwa mashtaka juu ya kaka yangu, niliyegombana naye kwa ajili ya shamba la marehemu baba. Makosa yangu mimi sikuyaona hata kwenye ukurasa mmoja.

Mpenzi msomaji, daftari la Mkristo si jalada la kesi za wengine. Hammarskjöld alijishtaki mwenyewe. Nililifunga langu, nikaenda kupiga hodi kwa kaka. Shamba bado hatujagawana, lakini siku ile tulikula pamoja.