Kimo cha Kifua

Mzee alikuwa na ufito wa mita 1.3, ndicho kimo cha kifua, kauchonga mwenyewe, umeng'aa kwa viganja. Hapimi mti kabla hajausimamisha ufito huo shinani. Mti umeota mteremkoni? Husimama upande wa juu. Mninga umegawanyika chini ya kimo cha kifua? Kwake hiyo ni miti miwili. Husogeza mtambaa, huzungusha kanda bila kuikaza mno, ndipo hutamka namba. Siku moja katika miombo ya Tabora, jua limetuchosha sote, kijana mwandishi alimwambia, "Mzee, si tukadirie tu huu wa mwisho?"

"Kadiria mshahara wako, mwanangu," akajibu, akaizungusha kanda.

Kiwanja chetu cha kupimia kilikuwa duara la nusukipenyo cha mita 15: ukingo hadi ukingo mita 30, sawa na upande wa pikseli moja ya picha ya setilaiti ya Landsat. Kwenye karatasi, duara linaenea ndani ya mraba wake barabara. Porini, GPS chini ya matawi hukosea kwa mita kadhaa, duara likalalia pikseli mbili, pengine nne. Ndiyo maana tulilazimishwa kungoja kifaa kitulie, tukinung'unika.

Wafini waliopima misitu yao tangu miaka ya 1920 walianza kuoanisha viwanja na picha za setilaiti mwaka 1990; Erkki Tomppo, bingwa wao, alishiriki kupanga sampuli ya NAFORMA, tathmini yetu ya misitu ya Tanzania nzima. Viwanja zaidi ya 30,000 vilipimwa, ikatoka hesabu ya hekta milioni 48.1 za misitu.

Picha huona kila mahali ila hudanganyika. Kanda hugusa pachache ila hugusa kweli. Palepale kanda ilipogusa, unauliza picha ilisema nini, na tofauti kati ya kanda na picha ndiyo inayosahihisha jumla nzima. Ramani iliyozoea kuiita mikorosho msitu haiponi kwa kujumlishwa. Kosa linanenepa tu.

Siku hizi mtu hupakua ramani, huhesabu pikseli za kijani, hutangaza. Ile "zaidi au pungufu" ya makadirio ndiyo ya kwanza kutupwa, kana kwamba ni aibu. Katika ofisi moja niliuliza wamepima wapi ardhini. Nikageuziwa skrini.

Mara ya mwisho nilipompitia mzee, ufito ulikuwa umeegemezwa mlango wa banda la kuku, usifunguke kwa upepo.