Rupia ya Mjerumani: Tazama Uso Kabla ya Bei

Ukionyeshwa rupia ya fedha ya Mjerumani kijijini Msangeni, usianze na bei. Ipeleke dirishani, uishike kwa ukingo, uigeuze taratibu kwenye mwanga.

Anza na kofia ya Kaiser Wilhelm II, mtawala wa Ujerumani aliyechorwa usoni mwa sarafu. Tai aliye juu yake ndiye huchakaa mapema, kwa kuwa ameinuka kuliko sehemu nyingine. Manyoya ya kifuani mwake yakionekana, na sharubu za Kaiser zikiwa bado na nyuzi, umeshika sarafu nzuri. Tai akiwa kivuli tu, ilitumika sana, na hilo si aibu. Kodi ya nyumba ilipoanza mwaka 1898, fedha hizi zilitafutwa kwa jasho. Mimi naiheshimu rupia iliyolainishwa na vidole vya watu kuliko ile inayong'aa kwa kusuguliwa.

Kusugua ndiko kunakoua sarafu. Majivu, mchanga, stilwaya, vyote huacha mikwaruzo myembamba inayokwenda upande mmoja, na hakuna dawa ya kuirudisha. Fedha iliyotunzwa vizuri hupata rangi ya kijivu, wakati mwingine yenye ubuluu karibu na maandishi. Rangi hiyo iache ilivyo.

Kisha kagua ukingo. Rupia nyingi zilitiwa kikonyo zikavaliwa shingoni. Kikiondolewa, hubaki kovu la lehemu au sehemu iliyopigwa tupa, hasa juu ya kichwa. Sarafu ya namna hiyo ni kumbukumbu nzuri ya familia, ila mkusanyaji asiilipie bei ya sarafu nzima.

Za bandia zipo nyingi. Rupia 1 halisi ina gramu 11.66 na kipenyo cha milimita 30. Fedha yake ni asilimia 91.7. Weka kikombe cha maji kwenye mizani ndogo ya sonara, irudishe kwenye sifuri, kisha ining'inize sarafu kwa uzi izame bila kugusa kikombe. Mizani isome karibu gramu 1.13. Ikisoma 1.3 au zaidi, sarafu hiyo si ya fedha ya kiwango hicho. Matundu madogo usoni na mstari wa kiungo ukingoni ni dalili za kumiminwa kwenye kalibu.

Soma na upande wa pili. Zile za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, zilizoanza 1890, zina simba na mnazi. Kuanzia 1904, serikali ya koloni iliweka jina Deutsch Ostafrika na herufi ya kiwanda: A ni Berlin, J ni Hamburg. Rupia 2 za 1893 na 1894 ni adimu. Ukiuziwa kwa bei ya kutupa, rudisha.

Na anayekuambia rupia inavuta mchele kwa nguvu za ajabu ni tapeli. Ondoka na pesa yako.

Ukishainunua, itie kwenye bahasha ya karatasi kavu, si mfuko wa plastiki laini, na uandike juu yake ilitoka kijiji gani na ilikuwa ya nani.