Namna ya kumpima mtu kwa sura asizozijua

Kwa miaka mingi, uwezo wa kutambua sura ulipimwa hospitalini kwa jaribio la Benton. Mtu huoneshwa sura ya mtu asiyemjua, kisha huitafuta kati ya sura sita zilizo mbele yake. Mwaka 2003 Bradley Duchaine na Weidenfeld walizifuta sura hizo, wakabakiza nyusi na ukingo wa nywele tu. Hata hivyo, watu wengi walipata alama za kawaida. Kwa hiyo mgonjwa asiyeweza kutambua sura angeweza kulifaulu jaribio kwa kulinganisha nyusi, akarudishwa nyumbani kwa kuambiwa ni mzima.

Kasoro hiyo ndiyo Duchaine na Ken Nakayama waliyokusudia kuiziba walipotoa Jaribio la Cambridge la Kumbukumbu ya Sura mwaka 2006. Walichukua sura sita za wanaume, wakakata nywele zote, na kila sura ikaoneshwa kwa pembe tatu, sekunde tatu kila pembe. Baada ya hapo anayepimwa huwekewa picha tatu kwa pamoja na kuchagua ile aliyojifunza. Maswali 18 ya mwanzo hutumia picha zilezile, kwa hiyo karibu kila mtu huanza vizuri. Maswali 30 yanayofuata huleta watu walewale katika mwanga na pembe nyingine. Hapo aliyekariri picha badala ya sura hukwama. Yale 24 ya mwisho yana picha zilizofunikwa chengachenga, ili hata hodari apate kazi.

Ubora wa jaribio hili unaonekana kwenye hesabu. Maswali ni 72, na anayebahatisha tu hupata kama 24. Watu 50 waliopimwa mwanzoni walipata wastani wa karibu 58. Chini ya wastani huo ipo nafasi ya kumwona mwenye tatizo, na juu yake ipo nafasi ya kumwona mwenye kipaji, ingawa ni finyu. Ndiyo maana mwaka 2009 Richard Russell na wenzake waliongeza maswali magumu hadi yakafika 102, na kwa kipimo hicho wakathibitisha kwamba wapo watu wanaowazidi wengine kwa mbali sana.

Lakini afisa wa mpakani hahitaji kukumbuka, anahitaji kulinganisha. Mwaka 2010 Mike Burton na wenzake walitoa Jaribio la Glasgow, ambalo toleo lake fupi lina jozi 40 za picha. Swali ni moja: ni mtu mmoja au wawili? Picha za mtu mmoja zilipigwa siku hiyohiyo, kwa kamera mbili tofauti, na hakuna haja ya kukariri chochote. Hata hivyo wastani ulikuwa asilimia 81. Wapo waliopata zote, na wapo waliopata asilimia 51, yaani sawa na kurusha shilingi.

Tofauti hizi zinatoka wapi? Jeremy Wilmer na wenzake waliwapima mapacha kwa jaribio la Cambridge mwaka 2010. Alama za mapacha wa kufanana zilikaribiana kwa uwiano wa 0.70, za wasiofanana 0.29. Urithi una nguvu kubwa hapa. Mazoezi ya kazini hayakuonesha nguvu hiyo: utafiti wa 2014 kwa maafisa wa pasipoti wa Australia ulikuta kwamba, walipolinganisha picha na mtu aliyesimama mbele yao, asilimia 14 ya picha za mtu mwingine zilipita. Miaka ya kazi haikupunguza makosa.

Kasoro moja bado ipo. Sura za jaribio la asili la Cambridge ni za Wazungu, na kwa kawaida mtu hutambua vizuri zaidi sura za aina aliyokulia kati yake. Watafiti waliotaka kuwapima Wachina walilazimika kuunda toleo lenye sura za Kichina. Mwafrika akipata alama ndogo kwenye jaribio la asili, huwezi kujua kama umepima uwezo wake au ugeni wa sura zile. Vyuo vikuu vyetu viunde jaribio lenye sura za watu wa hapa. Likishakuwa tayari, idara za uhamiaji na benki ziwapime watumishi kabla ya kuwakabidhi kazi ya kukagua vitambulisho, kwa sababu uzoefu peke yake haujathibitika kuwa dhamana.