Sanamu Ichezayo na Mkono Uichezeshao

Suala la chombo kuuasi mkono uliokiunda si geni katika fasihi ya dunia. Mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, alilieleza katika tamthilia yake R.U.R. ya mwaka 1920, ambayo ndiyo iliyoupa ulimwengu neno roboti. Tangu hapo suala hili limejadiliwa kana kwamba ni la viwanda vya Ulaya na Japani peke yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba wacheza ngoma wa Usukuma, kusini mwa Ziwa Victoria, wanayo hoja yao juu ya jambo hili, na kwamba hoja hiyo yastahili kusikilizwa leo.

Msomaji aliyewahi kufika Bujora, karibu na Kisesa, nje kidogo ya mji wa Mwanza, ambako Padre David Clement alianzisha makumbusho ya Wasukuma, amekwisha kusikia habari za Bagika na Bagalu. Vyama hivi vya ngoma, ambavyo asili yake hutajwa kuwa ni waganga mahasimu Ngika na Gumha, hushindana baada ya mavuno. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na watazamaji wana hiari ya kwenda watakako. Lenye watu wengi ndilo lishindalo. Ndiyo maana kila manju hutafuta cha kuwavuta watu: wimbo wa kejeli, dawa, chatu aliye hai, au sanamu ya mti yenye viungo vinavyochezeka.

Sanamu hizo hazina umbo la kumpendeza apendaye mti uliosuguliwa ukang'aa. Kiwiliwili hunyooka kama nguzo, uso huwa na mikato michache tu, na mikono huungwa mabegani ili iweze kutikisika. Uzuri wake haumo katika mti, umo katika mchezo. Mchezaji anapoiinua na ngoma ikakolea, mtazamaji huiona kana kwamba inaitikia kwa hiari yake, na mwenyewe anaifuata tu. Lakini hakuna uwanjani anayedanganyika. Kadiri sanamu inavyoonekana kujitawala, ndivyo anavyosifiwa aliyeishika. Uhuru wa sanamu ni kipimo cha ustadi wa mtu, na ikimkejeli mpinzani kupita kiasi, lawama humwendea manju, haziendi kwa mti.

Wapo waliozidharau sanamu hizi kuwa ni ushirikina mtupu. Hao hawakutazama mchezo. Wapo pia waliozichukua hadi Ulaya na Marekani, wakazisimamisha ndani ya vioo chini ya taa, zikiwa na jina la kabila bila jina la mchongaji. Hapo sanamu imepata uhuru wote: haina mwenyewe, haina mpinzani, haina ngoma ya kuitikia. Lakini uhuru huo ni ububu.

Sasa tumtazame mwenzi wa mashine. Mwaka 1999 kampuni ya Sony ya Japani ilitoa mbwa wa mashine aliyeitwa Aibo. Aliundwa aonekane kujifunza, kuwa na tabia yake, na hata mara nyingine kupuuza amri ya bwana wake. Na wengi walimpenda kwa ukaidi huo huo. Mwaka 2006 kampuni iliacha kumtengeneza, na mwaka 2014 ikafunga huduma ya kumkarabati. Mwaka 2015 mbwa hao walikuwa wakiombewa kama marehemu katika hekalu la Kofukuji, mjini Isumi. Aliyedhani mbwa wake amejipatia nafsi yake aligundua kwamba mkono ulikuwapo siku zote, ila haukuwa wake yeye. Ulikuwa kiwandani.

Tofauti kati ya michezo hii miwili, basi, si ya mti na chuma. Uwanjani Usukuma mkono unaonekana, mwenye mkono anajulikana, na mtazamaji asiyeridhika huvuka kwenda upande wa pili. Mwenzi wa mashine huuficha mkono, kisha hutusihi tuamini kwamba haupo. Tukiusadiki uhuru wake, tutakuwa tumemwondolea lawama anayemchezesha.

Leo mashine zinazozungumza zimeingia katika simu za vijana wetu, mijini na vijijini. Si lazima tuzikatae. Wasukuma hawakuikataa sanamu. Lakini kazi ya mhakiki wa utamaduni ni kuuliza yale ambayo uwanja wa ngoma ulikuwa ukiyajibu bila kuulizwa: ni nani aliyeishika, anataka tuseme nini, na tukichoka naye tutavukia upande gani? Mpaka tupate majibu, tusiite uhuru kile ambacho ni mkono uliofichwa vizuri.