Kitabu cha Dunant, kando ya mto Mulongwe

Bandugu, wengi wetu tunasifu kitabu cha Henry Dunant, *Un souvenir de Solférino* (1862), juu ya damu iliyo ndani: uwanja wa vita wa 1859, majeruhi wanaolilia maji. Mimi naona nguvu yake iko kwenye kurasa za mwisho, pale anapoomba watu wa kujitolea waandaliwe wakati wa amani. Wanawake wa Castiglione walikuwa na moyo. Mafunzo njo walikosa.

Aprili 2020, Mulongwe ilipofurika Uvira, ikaua watu na kubeba manyumba, moyo haukukosekana. Lakini kufunga kidonda, kubeba aliyevunjika mgongo, kupima chumvi na sukari kwenye maji ya mgonjwa wa kolera, hayo hayafundishwi siku ya mafuriko.

Kasoro ya kitabu ni moja: kinaita watu, lakini hakionyeshi namna watakavyokaa pamoja miaka na miaka. Kwetu kikosi kinashikwa na vitu vidogo: mazoezi ya kila juma, sombe ya kuchangia, kwenda kuzika mzazi wa mwenzako. Asiyekuja matanga, usimtegemee kwenye machela.

Basi tukisome kiangazi, Mulongwe ikiwa imelala.